Zimetoka! Mkanda wa Enzi za Reli ya Zamani, Umesafishwa kwa Kahawa

Zimetoka! Jamani, zimetoka! Mkanda uliolala ndani ya kamera tangu kabla sijazaliwa unaning'inia sasa hivi kwenye kamba ya bafuni, unadondosha maji, na picha zimo. Si zote. Kati ya nane, mbili zimemezwa na ukungu na moja ni kidole cha mpigapicha mwenyewe. Lakini tano ni picha kamili, karibu zote zina watu wenye sura na macho, na dawa iliyozitoa nimeichanganya jikoni kwa kahawa ya kopo, magadi ya watengeneza sabuni na vitamini C ya duka la dawa.

Naandika mkanda haujakauka, kwa hiyo mnisamehe nikirukaruka.

Kamera yenyewe ni Kodak Brownie 127, ile ya bakelaiti nyeusi yenye mabega ya duara, iliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1952. Haina cha kurekebisha. Hupimi mwanga, huvuti lenzi. Unachungulia, unabonyeza, unazungusha kitufe mpaka namba inayofuata itokee kwenye kitundu chekundu mgongoni. Niliikuta kwa muuza vikorokoro hapa Moshi, imelala kati ya pasi za mkaa na vitasa visivyo na funguo, naye alikuwa akiiuza kama pambo la kabatini. Nikaigeuza. Nikachungulia kile kitundu chekundu, na ndani nikaona karatasi, na juu ya karatasi namba 8. Mapigo ya moyo yalinipanda pale pale. Mkanda wa 127 kwenye kamera hii hutoa picha nane tu. Maana yake kuna mtu alifika mpaka picha ya mwisho, akaiweka kamera chini, na hakuna aliyeupeleka mkanda studio.

Nililipa bila kubishana bei. Wanaonijua wataelewa uzito wa sentensi hiyo.

Ukiikuta kamera ya namna hii, iwe kwenye sanduku la babu au kwa muuza mitumba, nakuomba kitu kimoja: USIFUNGUE MGONGO WAKE. Kila mtu hutaka kufungua ili aone kama kuna mkanda, na kwa kuona huko anaziua picha. Zungusha kwanza kile kitufe, taratibu, mpaka usikie umelegea kabisa. Hapo mkanda umeshajiviringisha wote ndani ya karatasi yake ya kinga. Mimi hata baada ya hapo niliifungua gizani, na karatasi ilipotoka ndipo nikasoma jina: Verichrome Pan. Nikapiga kelele, jirani akauliza kuna nini.

Kwa wapenzi wa mikanda ya kale, jina hilo lina utamu wake. Kodak waliitoa Verichrome Pan mwaka 1956 kwa ajili ya watu wa kawaida wenye kamera za sanduku, watu wasiojua wala kutaka kujua mambo ya kupima mwanga, kwa hiyo waliitengeneza iwe vumilivu: ukizidisha mwanga inastahimili, ukipunguza inastahimili. Kasi yake ni ya wastani, 125. Na bila shaka hakuna aliyepanga hivyo, lakini imekuja kujulikana pia kuwa ni miongoni mwa mikanda inayotunza picha ambayo haijasafishwa kwa miongo mingi. Wanaohangaika na mikanda iliyosahaulika huitafuta hii kwa jina. Mimi nimeiangukia kwenye rundo la vitasa!

Ngoja nieleze kinacholala humo ndani, maana ndicho kinachonifanya nishindwe kukaa kitini. Mkanda mweusi-na-mweupe ni ukanda wa plastiki uliopakwa gelatini iliyojaa chembe ndogo mno za chumvi ya fedha. Kamera ikifumba na kufumbua, mwanga unaoigusa chembe huacha alama ndani yake, atomi chache tu za fedha tupu, nne hivi zinatosha. Huwezi kuziona hata kwa hadubini ya kawaida. Picha ipo lakini haionekani. Dawa ya kusafishia inapokuja, huzitafuta chembe zenye alama hiyo na kuzigeuza zote nzima kuwa fedha nyeusi, ikiikuza ile alama mamilioni ya mara. Atomi nne! Ndizo zilizobeba tabasamu la mtu kupita masika na kiangazi zaidi ya nusu karne, na wakati wote huo zingeweza kupotea kwa joto tu.

Na joto ndilo adui, pamoja na unyevu. Miaka inavyopita, chembe ambazo hazikuguswa na mwanga nazo huanza kujichanganya: joto, mvuke wa kemikali, hata mionzi ya asili inayotupita kila siku huzitia alama za uongo. Dawa haiwezi kutofautisha. Inazigeuza nazo nyeusi, na huo ndio ukungu wa mkanda wa zamani. Ni sawa na kutafuta stesheni ya mbali kwenye redio ya masafa mafupi: mtangazaji yupo, ila mkwaruzo umepanda mpaka karibu na sauti yake. Kazi yote ya msafishaji wa mikanda ya kale ni kuupunguza mkwaruzo bila kumzima mtangazaji. Mkanda wenye kasi kubwa huokota mkwaruzo haraka zaidi, na ndiyo maana ile 125 ya Verichrome ilinipa matumaini ambayo mkanda wa 400 wa umri huo usingenipa.

Sasa twende jikoni!

Dawa ya kahawa haikubuniwa na mimi wala na mchawi. Ilizaliwa mwaka 1995 katika darasa la kemia la Scott Williams, kwenye chuo cha Rochester Institute of Technology, mji ule ule wa Kodak huko Marekani, na watumiaji wake wameiita Caffenol. Kafeini haihusiki kabisa. Zinazofanya kazi ni asidi fulani zilizomo ndani ya kahawa, zikiwekwa kwenye maji yenye magadi ya kutosha, na vitamini C inazisaidia ili kazi iende haraka. Kwa nusu lita ya maji nimetumia gramu 27 za magadi makavu, gramu 8 za vitamini C, gramu 20 za kahawa ya unga inayoyeyuka, na gramu 5 za chumvi yenye madini joto. Hiyo chumvi ndiyo breki ya ukungu. Wenye potasiamu bromaidi huitumia badala yake, nusu gramu tu, na inafanya kazi vizuri zaidi, lakini mimi nilitaka kuona vitu vya dukani vitafika wapi.

Hapa ndipo nilipochanganyikiwa kwa furaha, maana dawa hii ni kama ilikuwa inatusubiri sisi! Kahawa ni Africafe, ya kiwanda cha Tanica kule Bukoba. Wenye uzoefu wanasema robasta ndiyo bora kwa kazi hii, kwa kuwa ina zile asidi kwa wingi kuliko arabika, na Kagera ndiyo nyumbani kwa robasta. Sisi wa Kilimanjaro tumezoea kuitazama robasta kwa jicho la pembeni. Arabika yetu ndiyo ya heshima, ndiyo ya wageni. Basi, ndani ya tanki la kusafishia picha heshima hiyo haina kazi. Wahaya wametushinda, nami natangaza kushindwa kwa niaba ya mlima mzima.

Magadi nayo ni ya jirani: Ziwa Magadi, Kenya, ambako yanachimbwa tangu mwanzoni mwa karne iliyopita. Ila angalia vizuri unachonunua. Si yale magadi ya kulainishia makande, maana hayo yamechanganyika na bikaboneti na udongo, na nguvu yake hutaijua. Unataka yale meupe yaliyochomwa, watengeneza sabuni wanayaita soda ashi. Ukikosa kabisa, chukua baking soda ya kawaida, ikaange kwenye sufuria kavu kwa moto mkali huku ukikoroga mpaka iache kufuka. Inapoteza maji na hewa ya kaboni na kugeuka kuwa kile unachokitafuta. Na vitamini C iwe unga safi mweupe. Vile vidonge vya rangi ya chungwa wanavyotafuna watoto vimejaa sukari, waachie watoto.

Yeyusha magadi kwanza. Kisha vitamini C, na hapo itachemka mapovu, usiogope. Kahawa mwisho. Acha itulie dakika tano mapovu yaishe. Harufu? Mbaya. Mbaya sana. Sijui namna ya kuipamba: ukiunganisha kahawa na magadi vinatoa kitu ambacho hakifanani na kahawa wala hakistahili kuwa karibu na chakula, na jikoni kwetu madirisha yalifunguliwa yote, nikaulizwa kama nina akili timamu. Hili ndilo doa kubwa la dawa hii na sitalificha.

Kuupandisha mkanda kwenye gurudumu la plastiki ndiyo sehemu iliyonitoa jasho. Unafanya yote gizani, mikono ndani ya mfuko mweusi, na mkanda wa umri huu umejikunja kama ulivyozoea. Ukiuachia unaruka na kujifunga upya. Tanki langu ni Paterson, ambalo gurudumu lake linavutika kupokea upana wa mikanda ya 35, 127 na 120, na kwa hilo peke yake linastahili sifa, kwa sababu wanaotengeneza vifaa wakikumbuka 127 ni wachache. Kodak wenyewe waliacha kuitengeneza mwaka 1995. Kidokezo cha bure: ukishindwa kuuingiza kwa ncha ya nje, jaribu ile ya ndani, mkunjo unakuwa upande wako. Tanki likifungwa, washa taa. Yanayofuata yote yanafanyika mwangani, hata chumba cha giza hakihitajiki.

Maji yawe nyuzi 20. Moshi mwezi wa Julai maji ya bomba yanakaribia hapo yenyewe, mshukuru Mungu. Mtu wa Dar au Tanga ajaze barafu kwenye beseni na kuliweka tanki katikati yake, kwa sababu maji ya vuguvugu hulainisha gelatini kuukuu mpaka inateleza na kuvuliwa, na pia huukaribisha ukungu. Dakika 15. Tikisa kidogo, gonga tanki mezani kuondoa mapovu, subiri, tikisa tena. Baada ya hapo suuza kwa maji matupu. Siki, ambayo wengi huitumia kuisimamisha dawa, hapa iache: ikikutana na magadi yaliyonywewa na gelatini inatoa mapovu ndani kwa ndani, na gelatini ya kizee haitaki misukosuko.

Halafu fiksa. Hii, kwa bahati mbaya, haipatikani jikoni. Ni chumvi ya thiosalfeti, ile ile ambayo John Herschel aliileta kwenye upigaji picha mwaka 1839, na kazi yake ni kuziyeyusha chembe zote zisizotumika ili mwanga usije kuuharibu mkanda baadaye. Niliagiza ya unga, na kwa kweli ndiyo gharama pekee ya maana katika jaribio zima. Mapema asubuhi niliikata ncha ya mkanda mwingine mbovu, nikaitumbukiza kwenye fiksa na kuangalia saa mpaka ikawa angavu; mkanda wenyewe ukakaa humo mara mbili ya muda huo.

Kisha unafungua kifuniko.

Sikilizeni. Nimewahi kuona kamera za kidijitali za bei ya pikipiki, nimeona simu zinazopiga mwezi. Hakuna hata moja iliyowahi kunipa kile nilichopata nilipouvuta ule mkanda kutoka kwenye gurudumu, umelowa, una rangi ya chai kwa sababu kahawa huacha doa, na katikati ya ule ukahawia nikaona mstari wa vivuli vilivyonyooka. Mabehewa! Treni! Hata aliyeipiga hakuwahi kuiona picha hii. Mimi ndiye binadamu wa kwanza kuitazama.

Nimeshika kioo cheupe cha tableti nyuma ya mkanda, nikaupiga kwa simu na kugeuza rangi, na sasa naweza kuwaelezea. Mwanamke aliyejifunga kanga amesimama kando ya behewa, amekunja mwavuli. Picha inayofuata ni yeye tena, anacheka, ametikisika kidogo kwa sababu Brownie haina haraka. Wanaume watatu wenye suti, mmoja amevaa kofia iliyokaa upande. Mtoto juu ya baiskeli isiyo yake, miguu haifiki. Na Kibo! Kibo nyeupe kabisa, theluji imeshuka chini kuliko ninavyoiona leo nikifungua dirisha, na angani juu yake inaelea namba 5 kubwa, kwa sababu wino wa ile karatasi ya kinga, ukikaa umebanana na mkanda kwa miaka mingi, huacha chapa yake kwenye gelatini. Wapo wanaolia wakiona hivyo. Mimi naona ni muhuri wa umri, sitaufuta.

Ubavuni mwa lile behewa zimeandikwa herufi EAR&H. Reli na Bandari za Afrika Mashariki! Shirika hilo liliundwa mwaka 1948 na kugawanywa mwaka 1969, reli kivyake na bandari kivyake. Mkanda wenyewe haukuwapo kabla ya 1956. Kwa hiyo tumembana yule mama wa kanga ndani ya miaka kumi na mitatu hivi, ingawa najua rangi ya behewa haipakwi upya siku shirika linapovunjwa, na sitaapa. Ninachotaka sasa ni mzee yeyote aliyefanya kazi reli anitazamie hilo behewa.

Kinachonishangaza ni kwamba haya yamewezekana kwenye nchi yetu ya joto. Mfano mkuu wa mikanda iliyofufuka unatoka kwenye barafu: Msweden S. A. Andrée na wenzake wawili waliondoka kwa puto kwenda Ncha ya Kaskazini mwaka 1897 wakapotea, na mwaka 1930 mabaki yao yakakutwa kisiwani Kvitøya, pamoja na mikanda yao. John Hertzberg wa Stockholm aliisafisha. Kati ya picha 240 akaokoa 93, baada ya miaka 33. Lakini mikanda ile ilikuwa imelala ndani ya friji ya Mungu! Brownie yangu imelala kwenye mji wenye ndizi na vumbi. Nadhani miinuko imesaidia. Mkanda uliokaa Pwani, kwenye sanduku la bati chini ya paa la bati, ningeutegemea kwa uchache zaidi: huko kuvu hula gelatini, kwani gelatini ni ngozi na mifupa ya ng'ombe, na kuvu hajali kama ni picha ya harusi.

Je, kila mkanda utatoka hivi? Hapana, na ningekuwa muongo nikisema vinginevyo. Nilichukua pia kipande cha mkanda wa 400 wa milimita 35 wa miaka ya themanini, nikakipitisha kwenye dawa ile ile, na nilichopata ni ukungu mzito wenye vivuli vya watu ndani yake. Ukikaza macho unaona nani ameketi, basi. Mikanda ya rangi ya zamani nayo inasafishika kwa kahawa, ila itatoka nyeusi-na-nyeupe, hafifu. Kodachrome ndiyo usiiwazie rangi tena: duka la mwisho duniani kuisafisha, Dwayne's Photo la Parsons, Kansas, lilifunga pazia hilo mwanzoni mwa 2011, na dawa zake haziwezi kuchanganywa jikoni na mtu yeyote.

Na kama una mkanda mmoja tu, ambao unajua kwa hakika umebeba sura ya mzazi aliyefariki? Hapo mapenzi yangu kwa kahawa yana mpaka. Tumia HC-110 ya Kodak, ile dawa ya chupa inayosifika kwa kuzuia ukungu, ikiwa na baridi kidogo na nguvu ya kutosha, au mtumie mtu anayefanya kazi hiyo kila siku. Kahawa ina tabia ya kubadilika kopo kwa kopo. Ni dawa ya mtu anayeweza kupoteza. Kwa mikanda ya vitu vya mitumba, ya watu tusiowajua, ambayo ingeishia jalalani, naipa alama zote, nikitoa moja tu kwa harufu.

Mpaka uamue, mkanda wako uweke kwenye mfuko usiopitisha hewa, ndani ya friji, na usiupitishe kwenye mashine ya mionzi ya uwanja wa ndege ukiweza kuomba ukaguliwe kwa mkono. Picha za watu ukizipata, fikiri kabla ya kuzirusha hewani. Yule mama anaweza kuwa bado yuko hai, na wajukuu zake huenda wanapita hapa nje kila siku.

Mkanda umekauka sasa, nimeugusa ncha. Naukata vipande na kuuingiza kwenye bahasha kabla vumbi la jioni halijaanza. Muuza vikorokoro ameniambia ana kamera nyingine nyumbani kwake, "ile ya kukunja, ina karatasi ndani." Kakubali nije kesho asubuhi. Nimemwambia asiifungue, nikamwambia tena, kisha nikamwachia pesa ya kishika uchumba ili asije akashawishika.